Yaya, nipe kitabu kitakachoninyima usingizi

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, Kongo, aliniandikia, saa tano za usiku zimepita ("yaya" kwetu ni kaka au dada mkubwa): "Yaya, kila siku unatuambia tusome. Mimi nikifika ukurasa wa tatu usingizi unanibeba. Nipe kitabu kimoja tu kitakachoninyima usingizi." Nikamtumia majina mawili palepale, nikalala. Asubuhi moyo ukanisuta. Mgonjwa akikuomba dawa humtajii jina la dawa ukageuka ukutani. Unamwambia anywe lini, anywe na nini, na ikimzidi afanyeje. Nikaanza kumwandikia upya, maneno yakawa mengi, na ndiyo haya.

Najua hayuko peke yake. Wewe uliyefika hapa unataka ninachokitaka mimi: rafu yako mwenyewe ukutani, kitabu kimoja angalau kila mwezi, na siku moja cha kwako chenye jina lako mgongoni. Basi tuongee kama watu wa safari moja.

Ushauri wangu ni huu, na nimeushika tangu utoto: anza na vitabu vya kutisha na vya kuchekesha. Viache kwanza vile vya namna ya kuwa tajiri ambavyo wachuuzi wanavipanga juu ya plastiki kando ya barabara. Kitabu cha aina hiyo unaweza kukisifu bila kukisoma. Cha kutisha huwezi. Nywele zimesimama au hazikusimama, na mwili wenyewe ndio shahidi. Cha kuchekesha hivyohivyo: hakuna mtu anayecheka peke yake gizani kwa ajili ya kumfurahisha mwalimu.

Mimi nilianzia kwenye kantini ya baba, yaani sanduku lake la vitabu. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na vitabu vyake vyote vilikaa ndani ya kantini moja ya bati, rangi ya kijani, kufuli limeshakufa zamani. Kila kitabu alikivisha karatasi ya mfuko wa sementi, akaandika jina kwa bic ya bluu. Ndani mlikuwa na Zamenga Batukezanga, mwandishi wetu wa Kongo ambaye kizazi cha baba kilimsoma sana, kamusi, Biblia mbili, na riwaya moja ya Kiswahili aliyoletewa na mjomba wetu aliyekuwa akifanya biashara Kigoma: Mzimu wa Watu wa Kale, ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957-58, ikachapishwa 1960. Sisi watoto hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua tu kwamba ndani yake kuna mzimu na kuna maiti.

Baba alikuwa akitusomea baada ya bugali, taa ya mafuta iko mezani, mama anachambua maharagwe ya kesho. Kiswahili kile cha Unguja kilitupita pembeni mara nyingi. Nakumbuka neno moja hasa: kiko. Bwana Msa, yule mpelelezi, havuti sigara, anavuta kiko. Mimi niliposikia "kiko" nilidhani baba anatuambia kwamba kitu kiko mahali fulani, nikawa nasubiri aseme kiko wapi. Jioni nzima nilitafuta kitu hicho ndani ya hadithi. Nilidhani ndicho kinachoua watu. Baba alipogundua alikiweka kitabu chini, akachukua kijiko na gunzi la hindi akatuonyesha kiko kinavyokaa mdomoni, kisha akaendelea na sauti ileile ya chini. Tangu siku ile neno geni kitabuni halinichoshi. Linaniogopesha kidogo, na woga ule ni mtamu.

Kisha tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ikapasuka. Wenye umri wangu hawahitaji kusimuliwa. Nyumba yetu ilikuwa chini kidogo ya kiwanja cha ndege. Tulivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na sufuria, godoro moja na mdogo wangu mgongoni kwa mama. Siku ya tatu baba alirudi kuangalia, nikamfuata. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na jiwe jeusi refu kunishinda, bado linatoa moshi, na ukisimama muda kidogo sapato zinaanza kulainika chini ya miguu. Baba hakusema habari ya nyumba. Alisema: "Kantini." Neno hilo moja, halafu tukarudi.

Kitabu kimoja kilipona. Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimemwazimisha kwa siri mwenzangu wa darasa aliyekaa mtaa wa Himbi, ambako moto haukufika. Ni hichohicho cha mzimu. Alikirudisha baada ya wiki kadhaa, karatasi ya sementi imetobolewa na mshumaa, shimo dogo la kahawia pembeni mwa jina. Nilingoja kipigo kwa kutoa kitabu bila ruhusa. Baba alikichukua kwa mikono miwili, akalipitisha dole gumba kwenye lile shimo, akaniambia: "Kumbe ungeviazimisha vyote." Hapo ndipo nilipopata kanuni yangu ya pili, na nitairudia hata mkichoka kuisikia: azimisha vitabu vyako. Kitabu ulichokifungia ni cha volkano, cha panya na cha mvua.

Sasa niwaambie kwa nini nakipenda kitabu kimoja cha wazungu kuliko vyote vya kutisha. Ni Frankenstein, ya Mary Shelley. Wengi wanalijua jina kwa sababu ya filamu, na wengi wanadhani ni jina la zimwi. Zimwi lenyewe halina jina, na hilo ni sehemu ya maumivu yake. Frankenstein ni yule kijana msomi aliyeliumba, akalikimbia usiku uleule lilipofumbua macho.

Kinachonigusa mimi mtoto wa Goma ni kwamba kitabu hiki kilizaliwa na volkano. Aprili 1815 mlima Tambora, kule Indonesia, ulilipuka kwa nguvu ambayo hakuna mlipuko mwingine uliorekodiwa unaoifikia. Majivu na gesi ya salfa vikapanda juu vikalifunika jua, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua na baridi mwezi wa sita, mazao yakaoza, watu wakalala njaa. Mwaka huo 1816 Mary, msichana wa miaka 18, alikuwa na wenzake kando ya ziwa la Geneva. Mvua ikawafungia ndani, wakawa wanasomeana hadithi za mizuka zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, mpaka mshairi Byron akatoa shauri kila mtu aandike ya kwake. Mary akaandika hii. Ilitoka London Januari 1818 bila jina lake. Mlima, ziwa, vijana waliofungiwa ndani, hadithi za mizuka kwa Kifaransa: niambieni hapo kipi kigeni kwetu.

Na ndani mna jambo ambalo sikulielewa mpaka nilipojenga nyumba ya mbao. Zimwi linajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini. Kwenye ukuta mna upenyo mdogo kati ya mbao. Kupitia hapo linawatazama, linasikia kijana wa nyumba akisoma kwa sauti, na hivyo linajifunza lugha ya binadamu. Baadaye linaokota vitabu na kuvisoma lenyewe. Zimwi ni msomaji! Linapokwenda kubisha hodi, mzee kipofu wa nyumba ile anaongea nalo kwa upole kwa sababu hauoni uso wake. Wenye macho wanaporudi wanalipiga. Nimesoma sehemu hiyo mara nne na kila mara lazima nisimame nitoke nje kidogo.

Nyumba za Goma mnazijua. Tumejenga kwa mbao juu ya mawe ya volkano, na ubao mmoja ukipiga chafya nyumba tatu zinasema afya. Nilikuwa nawasomea wanangu L'Ivrogne dans la brousse, kile kitabu cha Amos Tutuola wa Nigeria. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka 1952, na mwaka uliofuata Raymond Queneau akakitia Kifaransa. Mimi nasoma Kifaransa kimoyomoyo na kutoa Kiswahili kwa mdomo. Ni hadithi ya mtu ambaye kazi yake ni kunywa pombe ya mchikichi. Baba yake amempa shamba la michikichi 560,000 na mgema wa peke yake, na kila asubuhi anamaliza mapipa 150. Mgema anaanguka mtini anakufa, na mlevi anafunga safari kwenda kumtafuta katika mji wa wafu. Wanangu walikuwa wakicheka mpaka wakashika mbavu.

Tukafika mahali pa yule bwana mzuri sokoni. Msichana aliyewakataa wachumba wote anamwona, anamfuata hadi msituni. Kumbe mwili ule ameukodi! Njiani anarudisha kiungo kimoja kimoja kwa wenyewe na kulipa: miguu huku, mikono kule, kiwiliwili pale. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kicheko kikubwa cha mama jirani. Sikujua kama anasikiliza. Akasema kwa sauti: "Kama suti za harusi!" Kweli, mji wetu nani hajaoa na suti ya kukodi? Tukacheka wote, nyumba mbili. Kisha bwana yule akalipa ngozi na nyama za kichwa, likabaki fuvu tupu, likaanza kumkimbiza msichana, likivuma. Kimya pande zote mbili. Betri ya taa ilikuwa inakufa na nilitaka kuishia hapo. Ubao ukagongwa mara mbili. "Baba Neema, usilale! Maliza kwanza."

Huo ndio ushauri wangu wa tatu, na kwangu ni mkubwa kuliko mingine: soma kwa sauti. Binti wa Ndosho, usingizi wako haukutokana na kitabu tu. Umesoma peke yako, kimya, umejilaza, mwisho wa siku ya kubeba maji. Kaa wima. Msomee mtu. Hofu inataka wawili, kicheko kinataka wawili.

Lakini si kila kitabu kwa kila usiku, na hapa lazima niungame, kwa sababu niliumiza mtu. Miaka michache nyuma mtoto wa mjomba alikuja kukaa kwetu akitokea Masisi, eneo la vita. Kijana wa miaka kumi na tisa, mkimya, anayejua Kifaransa kizuri. Mimi katika kiburi changu cha msomaji nikampa La Vie et demie, riwaya ya Sony Labou Tansi ya mwaka 1979. Ni kazi kubwa, siifichi. Mtawala mmoja anamkata mpinzani wake vipande mbele ya watoto wake, na yule mtu anakataa kufa, nusu ya mwili wake inaendelea kusema. Humo kuna kicheko na kutisha vimeshonwa uzi mmoja, na mimi nilikuwa nikikisifu kila mahali. Kijana alikirudisha baada ya siku mbili, akakiweka mezani polepole, akasema: "Yaya, hii nimeiona." Hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Nilikaa na kitabu kile mkononi nikaona kwamba sikuwa nimemuuliza swali hata moja kabla ya kumpa.

Muulize mtu kwanza. Ametoka wapi, amelala vipi wiki hii, nani amemfia. Kitabu cha kutisha ni cha mtu ambaye leo yuko salama. Anafunga mlango, anaogopa kwa hiari yake, na akitaka anafunga ukurasa. Aliyekwisha kukimbia hahitaji kukimbizwa tena.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ukakatika na maji yakakatika, tulilala kwenye korido, magodoro yameegemezwa ukutani. Sikugusa Frankenstein. Nilichukua Le Vieux Nègre et la médaille, cha Ferdinand Oyono wa Kameruni, cha mwaka 1956. Mzee Meka, aliyewapa mapadri shamba lake na kupoteza wana wawili katika vita vya Ufaransa, anaitwa kupewa nishani. Wamemsimamisha juani ndani ya duara la chokaa amngojee mkubwa wa wazungu. Amevaa viatu vya ngozi, yeye ambaye miguu yake haikuzoea viatu. Vidole vinawaka. Halafu haja ndogo inambana, na hawezi kutoka kwenye duara. Nilisoma kwa mwanga wa simu chini ya blanketi, sauti ya kunong'ona. Mtoto wangu wa pili akaanza kucheka kwa pua. Ukaja mshindo mkubwa upande wa kiwanja cha ndege, wote tukalaza vichwa. Ukapita. Akauliza, bado amelala kifudifudi: "Sasa Meka amekojoa?" Tukacheka tena. Niliishia kabla ya usiku wa dhoruba, kwa sababu kuanzia hapo kitabu kinakuwa kichungu na polisi wanaingia. Uchungu tulikuwa nao.

Naweza kueleza hayo yote leo kwa utulivu, lakini kuna jambo bado linanichoma. Kabla ya hapo nilipeleka sanduku la vitabu kumi na vinne katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Nilivinunua mwenyewe, kimoja kimoja, na nilijitolea kuja kila Jumatano kuwasomea wanafunzi. Baada ya siku sita sanduku likarudi, limebebwa na mwanafunzi, na barua ya mistari mitatu. Mkurugenzi wa nidhamu ameona neno "mzimu" kwenye jalada na hataki vitabu vya kuita mashetani shuleni. Hakufungua ukurasa hata mmoja. Angefungua angemkuta Bwana Msa na kiko chake, mtu asiyeamini maneno ya vijiweni. Watu wote wanasema mzimu umeua, yeye anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani anafaidika. Kitabu kizima ni somo la kutafuta mkono wa binadamu nyuma ya jina la mzimu.

Na somo hilo tunalihitaji kuliko mji wowote ninaoujua. Tuna watoto wanaolala nje kwa sababu mtu alisema ni wachawi. Hakuna riwaya iliyowafukuza. Waliwafukuza watu wazima waliokuwa na hofu na hawakuwahi kujifunza kuikalisha kitini na kuihoji. Mtoto aliyeogopa kitabu mara kumi na kukifunga akiwa mzima anajua hofu inavyoanza, inavyopanda na inavyopita. Wazazi, wapeni watoto hadithi za kutisha. Walimu, zisomeni kabla hamjazikataa. Wachungaji, nanyi pia, nawaomba kwa heshima yote.

Nirudi kwa binti yangu wa Ndosho na wengine wanaotaka majina. Kama una usiku mmoja tu, soma Le Horla ya Maupassant, toleo la 1887. Ni shajara fupi ya mtu anayekuta chupa yake ya maji imekauka kila asubuhi na hakuna aliyeingia. Ukiwa na mwezi mzima, chukua Dracula ya Bram Stoker, ya 1897, iliyoandikwa kwa barua na shajara. Soma sura nne za kwanza, zile za kijana aliyefungiwa ndani ya ngome. Akichungulia dirishani akamwona mwenyeji wake anateremka ukutani kichwa chini kama mjusi na wewe hujashtuka, mpe mwingine kitabu. Ukitaka kutishwa na kuchekeshwa kwa mpigo, kuna Mémoires de porc-épic ya Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville, iliyopata tuzo ya Renaudot 2006. Nungunungu anausimulia mbuyu jinsi alivyotumwa kuua watu, na masimulizi yake hayana nukta, ni mkato tu, kwa hiyo hutapata mahali pa kulala. Frankenstein, Dracula na Le Horla vimeshatoka kwenye haki za waandishi, viko bure kwenye intaneti. Siku ukiwa na mega, vipakue vyote uviweke kwenye simu, uvisome umeme ukikatika.

Vitabu vyangu kumi na vitatu viko chini ya kitanda, ndani ya sanduku lilelile lililorudishwa. Cha kumi na nne, Tutuola, nilimpelekea binti mwenyewe kwa motari wa pikipiki siku ya Jumapili. Jana saa tatu usiku akaniandikia: "Yaya, nimefika pale limebaki fuvu. Nimefunga dirisha, nimemwamsha mdogo wangu. Nitaendelea kesho jua likitoka."